Chuo cha jamii Marekani: anzia kwenye leseni, rudi nyuma hadi somo la kwanza

Kijana wa miaka 19, mama wa miaka 36 na mzee wa miaka 54 wanaweza kukaa safu moja katika darasa la anatomia la chuo cha jamii Marekani. Kitabu ni kimoja, mtihani ni mmoja. Lakini kijana anatakiwa aonyeshe kipato cha wazazi wake ili apate ruzuku, na mama hatakiwi. Mama anaweza kumaliza uuguzi kabla mwanawe wa mwisho hajaanza sekondari, mradi asikosee mpangilio wa masomo. Mzee aliyefundisha shule Uvira, Kongo, kwa miaka 20 huenda asipate ruzuku ya serikali kuu hata senti moja, kwa kuwa tayari ana shahada, na hakuna aliyemwambia kwamba Kiswahili chake kinaweza kumpa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kuelekea cheti au shahada, bila kuingia darasani.

Mara nyingi kinachomwangusha mtu mzima chuoni siyo ugumu wa somo. Ni kuanza mahali pasipo pake: kusoma mihula miwili ya masomo yasiyohesabika kwenye kazi aitakayo, kumaliza ruzuku kwenye madarasa ya Kiingereza ambayo angeyapata bure, au kugundua siku ya kuomba leseni kwamba kuna karatasi ilipaswa kuandaliwa mwaka uliopita. Haya yote yanaepukika, na ndiyo maana inafaa kuufumua mfumo huu polepole.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma, kwa kawaida cha miaka miwili. Kikongwe kuliko vyote ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Leo viko zaidi ya 1,000 nchi nzima. Mkazi anayesoma muda wote hulipa ada ya wastani wa kama dola 4,000 kwa mwaka, na California ni dola 46 kwa krediti moja. Neno mkazi lina uzito hapo: majimbo mengi yanataka uwe umeishi humo miezi 12, na asiyetambuliwa kuwa mkazi hulipa mara mbili, tatu au zaidi. Mlango wenyewe uko wazi kwa karibu kila mwenye cheti cha kumaliza sekondari. Lakini kupokelewa chuoni hakumaanishi kupokelewa kwenye programu unayoitaka, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Karatasi tatu zinazoitwa cheti

Kwa Kiswahili tunasema cheti na tumemaliza. Marekani neno hilo moja linafunika vitu vitatu vinavyotolewa na watu watatu tofauti.

Cha kwanza ni cheti cha chuo, kinachosema umemaliza masomo fulani. Cha pili ni leseni, inayotolewa na jimbo, na bila hiyo kufanya kazi hiyo ni kosa la kisheria. Cha tatu ni uthibitisho wa taaluma, unaotolewa na chombo cha nje baada ya mtihani wake, na ambao mwajiri anaweza kuudai hata kama sheria haiudai.

Chukua fundi wa viyoyozi na mitambo ya kupasha joto. Chuo kinaweza kumpa cheti cha krediti 30 baada ya mwaka mmoja. Lakini haruhusiwi kufungua mfumo wenye gesi ya friji bila kadi ya EPA 608 (EPA ni shirika la mazingira la serikali kuu), inayotakiwa na sheria ya nchi nzima. Mtihani wake una sehemu nne za maswali 25 kila moja, unahitaji kupata 18 kati ya 25 katika kila sehemu ili upewe kadi ya aina zote, na ukishaipata haiishi muda. Akitaka siku moja kufungua kampuni yake, majimbo mengi yatamdai leseni ya ukandarasi, ambayo huhitaji miaka ya kazi iliyoandikwa kwenye kumbukumbu. Vyuo vingine vinamwandaa mwanafunzi kwa kadi ya EPA ndani ya programu na kumfanyishia mtihani palepale. Vingine vinamwachia ajitafutie. Uliza kabla ya kulipa.

Kisha kuna shahada ya miaka miwili, nayo ina sura mbili. AA na AS zimetengenezwa ili uhamie chuo kikuu ukaanze mwaka wa tatu. AAS imetengenezwa ili uende kazini. Zote zina kama krediti 60 na kwenye tangazo zinafanana, lakini mwenye AAS anayeamua baadaye kuendelea na chuo kikuu mara nyingi huambiwa nusu ya krediti zake hazina pa kuingia. Uuguzi una njia yake hata kwa wenye AAS, kwa sababu vyuo vikuu vingi vimefungua programu za kumpeleka muuguzi mwenye leseni hadi shahada ya kwanza. Kwa fani nyingine, kama una hata wazo dogo la kuhama, tafuta makubaliano ya maandishi kati ya chuo chako na chuo kikuu unachokitaka, yanayotaja somo kwa somo. Maneno ya mdomo ya mshauri hayatakusaidia miaka miwili baadaye, hata kama aliyasema kwa nia njema.

Uuguzi, ukianza kuhesabu kutoka mwisho

Fani hii tutaikalia kitako, kwa sababu ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo yenye mitego mingi.

Mwisho wa safari ni leseni ya jimbo ya muuguzi, inayopatikana kwa kufaulu mtihani wa NCLEX-RN. Ili uruhusiwe kuufanya, lazima umalize programu iliyoidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Programu hiyo huchukua mihula minne. Ili uingie, lazima uwe umemaliza masomo ya awali, na hesabu ya kawaida ni hii: Kiingereza cha uandishi krediti 3, anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza 4, sehemu ya pili 4, mikrobiolojia 4, saikolojia 3, takwimu 3. Jumla 21.

Krediti 21 zinaonekana kama muhula mmoja na nusu, lakini haiwi hivyo. Sehemu ya pili ya anatomia haichukuliwi kabla ya kufaulu ya kwanza. Mikrobiolojia katika vyuo vingi inadai uwe umesoma baiolojia au kemia kwanza. Kwa mtu anayefanya kazi, ni krediti 7 kwa muhula, yaani mihula mitatu. Ongeza minne ya programu yenyewe, unapata mihula saba, miaka mitatu na nusu. Kijitabu cha chuo kinaposema miaka miwili, kinahesabu kuanzia siku uliyochaguliwa kuingia uuguzi.

Na kuchaguliwa ni ushindani. Vyuo vingi vinatoa pointi kwa alama za sayansi na kwa mtihani wa kuingilia uuguzi, TEAS au HESI. TEAS ina maswali 170 katika dakika 209: kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Vingine vinaongeza pointi kwa aliyewahi kufanya kazi hospitalini au kwa anayejua lugha ya pili, kwa hiyo andika Kiswahili kwenye fomu hata kama hakuna aliyekuuliza. Maombi hupokelewa mara moja au mbili kwa mwaka. Ukikosa tarehe kwa siku moja, unasubiri miezi mingi, hata mwaka mzima. Alama ya C- katika sayansi kwa kawaida haitoshi, inatakiwa C kamili au zaidi. Halafu kuna jambo linalowaumiza zaidi wenye umri: vyuo vingi havikubali masomo ya sayansi yaliyozidi miaka mitano au saba. Aliyesoma anatomia mwaka 2015 akasimama kulea watoto, huenda akaambiwa airudie.

Ukishachaguliwa, kuna rundo la karatasi za afya kabla ya kukanyaga wodi. Chanjo ya homa ya ini B ya dozi tatu huchukua miezi sita, kwa hiyo aliyeanza baada ya kupata barua amechelewa. Kipimo cha kifua kikuu kina tatizo lake kwa watu wa kwetu. Wengi tulichanjwa BCG utotoni, ile iliyoacha kovu kwenye mkono karibu na bega. Kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, nawe ukapelekwa kupiga eksirei na kujazishwa fomu huku tarehe inapita. Omba tangu mwanzo kipimo cha damu kinachoitwa IGRA, ambacho BCG haikisumbui. Chuo kitataka pia uchunguzi wa kumbukumbu za polisi na kadi ya huduma ya kwanza ya moyo ya American Heart Association, na si kila kozi ya mtandaoni inayotangazwa inakubaliwa.

Kuna walioanza kwa CNA, kazi ya muuguzi msaidizi, na ni uamuzi wenye akili ikiwa unauelewa. Sheria ya nchi inataka mafunzo ya saa zisizopungua 75. Majimbo mengine yameongeza, Illinois 120, California 160. Mafunzo mafupi kama haya kwa kawaida hayalipiwi na Pell ya kawaida, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imefungua Pell ya programu fupi kuanzia tarehe 1 Julai 2026, lakini inaanzia saa 150 na wiki 8, kwa hiyo kozi ya saa 75 inabaki nje. Njia nzuri ni nyingine, na ni ajabu jinsi isivyosemwa: nyumba ya wazee inayopokea Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hairuhusiwi kumtoza ada mtu iliyomwajiri au kumwahidi kazi ya usaidizi. Na kama ulijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa kwenye nyumba ya aina hiyo ndani ya miezi 12, una haki ya kurudishiwa gharama kidogo kidogo. Tunza risiti.

Kwa muuguzi aliyesoma na kusajiliwa Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi, usijiandikishe popote kabla ya kuuliza bodi ya uuguzi ya jimbo lako. Bodi nyingi zinapokea tathmini ya vyeti kutoka TruMerit, shirika lililokuwa likiitwa CGFNS, na mtu anaweza kuruhusiwa kufanya NCLEX bila kurudia chuo, au akatakiwa kusoma somo moja tu lililopungua. Kumrudisha mtu kama huyo kwenye darasa la CNA ni upotevu unaouma, na unatokea.

Kiingereza: wapi ukisome, na kwa fedha ya nani

Siku za mwanzo utapewa mtihani wa kupima kiwango, mara nyingi Accuplacer. Hauna kufeli, kwa hiyo watu wengi wanaingia bila maandalizi, wamechoka kutoka zamu ya usiku, wanapangwa viwango viwili chini ya uwezo wao. Kila kiwango ni muhula. Mazoezi ya bure yapo kwenye tovuti ya wenye mtihani, na vyuo vingi vinaruhusu kuurudia. Uliza pia kama chuo kinakubali alama za sekondari badala ya mtihani. Aliyemaliza sekondari hapa Marekani mara nyingi hahitaji kupimwa kabisa.

Hoja nzito ni hii. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni yapo ya aina mbili. Yapo ya elimu ya watu wazima, ambayo ni ya bure au karibu bure, kwenye shule za watu wazima, maktaba na mara nyingi ndani ya chuo kilekile lakini idara nyingine. Na yapo ya krediti, yanayotozwa ada na kula ruzuku yako. Pell ina kikomo cha maisha: sawa na mihula 12 ya muda wote, kisha basi. Mtu anayeanza viwango vya chini kabisa kwa krediti anaweza kutumia mihula mitatu ya kikomo hicho kabla hajagusa somo moja la fani. Viwango vya chini visome bure. Ingia kwenye krediti ukiwa umebakiza kiwango kimoja au viwili, maana hapo darasa la krediti lina faida ya kweli: linakufundisha kuandika insha yenye hoja na vyanzo, kitu ambacho darasa la mazungumzo halifanyi.

Kwa asiye na cheti cha sekondari kuna GED, cheti mbadala wake: mitihani minne, na kila mmoja unahitaji alama 145. Vilevile kuna mlango unaosahaulika unaoitwa *ability to benefit*. Asiye na cheti anaweza kupata Pell akijiunga na programu maalumu inayounganisha fani na elimu ya watu wazima, na akafaulu krediti 6 au mtihani uliokubaliwa. Si kila chuo kina programu hiyo. Taja jina hilohilo la Kiingereza kwenye ofisi ya msaada wa fedha, maana ndilo wanalolijua.

Fedha, na umri unavyoingia humo

Kila kitu kinaanza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, bure, kwenye StudentAid.gov. Anayekutoza kuijaza anakuibia. Mbali na raia na wenye kadi ya kijani, wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi wanastahili, kwa kutumia I-94 (hati ya kuingia nchini) na namba ya A (namba ya faili la uhamiaji). Wenye viza ya mwanafunzi hawastahili, wala wanaosubiri jibu la maombi ya hifadhi. Pell ya juu kabisa mwaka wa masomo 2025-26 ni dola 7,395. Hairudishwi, na inakatwa kulingana na krediti: 12 ni muda wote, 7 ni asilimia 58.

Umri wa miaka 24 ndio mpaka. Aliye chini yake, asiyeoa au kuolewa na asiye na mtoto anayemtunza, anahesabiwa kuwa chini ya wazazi na fomu inataka kipato chao. Na hapa maisha ya ukimbizi yanagongana na fomu kwa namna mbili.

Ya kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Maelfu ya watu waliandikishwa kambini tarehe 1 Januari kwa kuwa siku halisi haikujulikana. FAFSA ya 2026-27 inauliza kama ulizaliwa *kabla* ya tarehe 1 Januari 2003. Aliyeandikwa 1 Januari 2003 yenyewe jibu lake ni hapana, na kwa siku hiyo moja ya karatasi atatakiwa kuleta taarifa za wazazi mwaka mzima. Afadhali kulijua mapema kuliko kubishana na kompyuta.

Ya pili ni nani mzazi. Kwetu baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama. Kwa FAFSA, mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria mahakamani, au aliyefunga ndoa na mzazi huyo, basi. Shangazi aliyekulea tangu kambi ya Nyarugusu hadi Kentucky haandikwi, na ukimwandika umeharibu fomu yako na umemwingiza yeye kwenye maswali ya kodi. Kama wazazi wote wawili walifariki, na wakati wowote tangu ulipofikisha miaka 13 ulikuwa yatima, unahesabiwa kuwa unajitegemea. Kama wapo hai lakini hujui walipo, ofisi ya msaada wa fedha ina mamlaka ya kukubadilishia hali. Peleka barua ya shirika lililokupokea au ya kiongozi wa dini anayeijua historia yako.

Majina nayo. Kama I-94 inasema jina moja kwanza na kadi ya Social Security inasema jingine, mifumo haitalingana na fedha itasimama. Rekebisha Social Security kwanza, kisha chuo.

Kwa wa miaka 36 au 54 shida ni tofauti. FAFSA inatazama kodi ya miaka miwili iliyopita. Kama mwaka huo ulifanya saa nyingi za ziada kiwandani, na sasa umepunguziwa kazi au umeacha ili usome, fomu itakuona una uwezo usionao. Nenda na barua ya kuachishwa kazi au hati za malipo za sasa, uombe wapitie upya kwa sababu ya mabadiliko ya kipato. Wana ruhusa ya kisheria kufanya hivyo, lakini mara nyingi hawataanza wao.

Mwenye shahada ya kwanza, hata iliyotolewa nje ya Marekani, hapati Pell. Usiifiche, ni kiapo unachosaini. Kwake yeye kuna fedha za mafunzo ya kazi kupitia ofisi za American Job Center chini ya sheria ya WIOA ya mwaka 2014, na baadhi ya majimbo yana mipango ya watu wazima. Kwa asiye na shahada, mipango ya majimbo ni minono zaidi: Tennessee Reconnect, Michigan Reconnect, MassReconnect ya Massachusetts. Mingi kati ya hiyo inalipa ada inayobaki baada ya Pell, ndiyo maana hata anayejua hatapata Pell huambiwa ajaze FAFSA kwanza.

Sasa jambo linalozalisha madeni kwa watu wasio na hatia: kuacha katikati. Tuchukue muhula wa siku 105. Umepewa Pell ya dola 3,697. Ada ni 2,000, chuo kimejilipa, kikakupa 1,697 za vitabu na nauli. Siku ya 35 mtoto anaugua, unaacha masomo yote. Umemaliza theluthi moja, kwa hiyo umestahili theluthi moja ya ruzuku, kama dola 1,232. Dola 2,465 hukuzistahili. Chuo kinarudisha serikalini theluthi mbili za ada, dola 1,333, kisha kinakudai wewe kiasi hicho. Dola 1,132 zilizobaki upande wako sheria inakusamehe, kwa sababu hazizidi nusu ya ruzuku yote. Lakini 1,333 za chuo zinabaki, na hujisajili tena hadi ulipe. Ukivuka asilimia 60 ya muhula, hapa ni kuanzia siku ya 64, ruzuku yote ni yako. Mara nyingi ni afadhali kubaki na somo moja kuliko kuacha yote. Hesabu hii ya kurudisha inamgusa aliyeacha yote. Usipotee kimya, pia. Aliyepata F zote bila kuaga anaweza kuhesabiwa aliacha katikati ya muhula.

Kuna pia mizani ya maendeleo. Vyuo vingi vinataka wastani wa alama wa 2.0, yaani C, uwe umefaulu asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, na usizidi mara moja na nusu ya urefu wa programu: ya krediti 60, kikomo ni 90. Alama ya W, ya somo uliloliacha katikati, haishushi wastani, lakini inahesabika kama krediti uliyojaribu na hukuifaulu. Anayebadilisha fani mara tatu anaigonga 90 bila kutarajia.

Ulichokuja nacho

KCSE ya Kenya, pamoja na iliyofanywa kambini Kakuma, na diploma ya taifa ya Kongo vinaweza kuhesabika kama cheti cha sekondari. Kwa masomo ya chuo, tafuta shirika la tathmini lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika hayo, kama WES au ECE, na uombe tathmini ya somo kwa somo. Ile ya bei nafuu ya hati tupu inataja tu kiwango cha shahada, na chuo hakiwezi kuitumia kukupa krediti. Kabla ya kulipa, uliza chuo kinakubali shirika gani.

Kiswahili chenyewe ni mtaji. ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, ina mtihani wa kuzungumza wa Kiswahili, na vyuo kadhaa vinatoa krediti za lugha kwa matokeo yake. Kwa programu ya AA inayodai lugha ya kigeni, huo ni muhula mzima au miwili iliyookolewa.

Kwa mwenye miaka 50 na zaidi ambaye mgongo hautaki tena ghala, ukalimani wa hospitali unastahili kutazamwa kwa makini. Vyombo viwili vinavyothibitisha wakalimani wa afya, CCHI na NBCMI, vinataka mafunzo yasiyopungua saa 40, cheti cha sekondari na ushahidi wa kujua lugha zote mbili. Vyuo vya jamii vingi vinafundisha saa hizo jioni. Mtihani wa mdomo wa Kiswahili haupo, lakini CCHI ina uthibitisho wa CoreCHI kwa wa lugha zote. Ugumu wa kazi uko kwenye Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa mmoja anasema lopitalo na poso, mwingine anasema hospitali na wiki, na mkalimani lazima awaelewe wote wawili bila kubahatisha, kisha ajue kongosho, tezi dume na mshipa wa ateri kwa lugha zote mbili. Mwalimu aliyezoea kuchagua maneno hapa ana faida kubwa kuliko kijana.

Saa za wiki, na maswali ya kwenda nayo

Somo la krediti 3 ni saa 3 darasani na kama saa 6 za kusoma nyumbani kila wiki. Krediti 12 ni saa 36. Anayefanya kazi saa 40 na kujiandikisha krediti 12 amejipa wiki ya saa 76 kabla hajapika. Krediti 6 zinatosha, na Pell itakuja nusu.

Ujumbe wote wa chuo huenda kwenye barua pepe ya chuo, hautumwi kwa simu wala kwenye Gmail yako. Fungua kila siku. Tarehe za kuacha somo bila kulipa, za kujisajili na za kuomba programu zinapitia humo.

Ukikutana na mshauri mara ya kwanza, mwambie jina la kazi unayoitaka, kisha uliza: programu hii imeidhinishwa na bodi ipi ya jimbo, waliomaliza mwaka jana walifaulu mtihani wa leseni kwa asilimia ngapi, masomo yapi ni ya awali na lipi halitolewi kila muhula, lini maombi ya programu yanafungwa. Mwombe achapishe mpango wa muhula kwa muhula. Kisha pakua katalogi ya mwaka uliojiandikisha, kwa sababu vyuo vingi vinakuruhusu kumaliza kwa masharti ya katalogi hiyo hata yakibadilika baadaye, ilimradi hukukatisha masomo. Iweke kwenye faili moja na I-94, tathmini ya vyeti na kadi ya chanjo.